Kitanda cha Nyanya na Makopo ya Maji

Mwezi wa saba uliopita nilipanda kwetu Othaya na mashine yangu ya kuchomelea, ya MIG, nyuma ya pikapu ya kuazima. Nyanya alikuwa ametoka hospitali, na daktari alikuwa amemwambia mama bila kuzunguka kwamba amrudishe tu nyumbani. Nyanya mwenyewe hakulia. Alitaka kitu kimoja, kulala kwenye kitanda chake, na kitanda hicho kilikuwa kimevunjika mguu. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Ruring'u, basi nikajiambia hiyo ni kazi ya kumaliza kabla ya chai.

Ungekijua kitanda hicho, rafiki yangu, ungenielewa. Kilikuwa cha mabomba ya chuma yaliyopindwa kichwani na miguuni, kimepakwa rangi ya kijani. Babu alikinunua Nyeri mjini kabla sijazaliwa, na majirani walikuja mmoja mmoja kukikalia kidogo, kwani wao walilala kwenye mbao. Sisi wajukuu watatu tulilala humo na nyanya, wawili upande wa ukuta na mmoja miguuni, na wa miguuni aliamka na kisigino cha mwenzake mdomoni. Blanketi lilinuka moshi wa kuni. Springi zililia kila mtu akijigeuza, hata nyanya akajua nani amelala kweli na nani anajifanya ili asiende kuchuma majani chai kwenye umande. Mara nyingi aliyejifanya nilikuwa mimi. "Wewe wacha ujanja," angesema, akinivuta blanketi, "amka, baridi haijaua mtu hapa."

Mvua ya masika ikishika, siafu walikuja. Kama hujawahi kuamshwa na siafu, shukuru Mungu wako. Nyanya alikuwa na dawa yao: kila mguu wa kitanda ulisimama ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililojaa maji, na juu ya maji matone ya mafuta ya taa. Jioni, githeri ikiwa bado motoni, mmoja wetu alitumwa kuongeza maji kwenye makopo, na tuliigombania kazi hiyo. Siafu walifika ukingoni, wakazunguka, wakarudi walikotoka, nasi tukiwacheka kutoka juu. Sijawahi kujisikia salama hivyo tena mahali popote.

Basi siku hiyo, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nilikilaza kitanda uani. Nikasugua rangi, nikapunguza moto wa mashine kwa sababu bomba la namna hiyo ni jembamba, nikagusa kidogo tu. Likatoboka. Nikapunguza tena, nikachomelea nukta nukta, nikingoja kila nukta ipoe. Tundu likawa la kuingia kidole. Nikachukua grainda, nikakata mguu nione kuna nini, na humo ndani ukamwagika unga wa kahawia wa kujaza kiganja. Maji ya makopo yalikuwa yamelila bomba kutoka ndani miaka yote hiyo, huku nje rangi ikionekana nzima. Mguu wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Nikakata juu zaidi nikitafuta chuma kizuri cha kushikanisha na bomba jipya, nikakuta kutu. Nikapanda tena, kutu, mpaka pale mguu unapokutana na fremu, na hapo pia nyundo ikaingia.

Mama alitoka na kikombe cha uji. "Itashika?"

"Haina mahali pa kushika, mami. Ni kutu tupu."

"Si uweke tu mawe chini yake?"

Tuliweka. Nilikaa mimi kwanza kukijaribu, na fremu ikakunjika kabla sijainua miguu. Mama alirudi ndani, na ule uji ukapoa juu ya jiwe.

Ningeweza kumtengenezea nyanya kitanda kingine kipya kesho yake, na nilimwambia hivyo. Alikuwa kwenye godoro sakafuni, karibu na moto, uso umebaki mdogo sana.

"Hiyo ingine ni ya nani?" akaniuliza. "Mimi niko na yangu."

Nikachuchumaa, nikamweleza polepole kwamba chake hakichomeleki tena, chuma kimekwisha.

"Ati chuma inaisha?"

Hakuwa akinitania. Alinitazama machoni, akingoja mimi ninayejua mambo ya vyuma nimwambie kwamba haiwezekani. Nikashika mkono wake, nao ulikuwa wa baridi. Hakunitajia kitanda tena, wala hakukubali kingine.

Sasa nyumba ile imefungwa. Vijana wanaonunua vyuma vikuukuu walibeba yale mabomba pamoja na springi, na mimi na wajukuu wenzangu wawili niliolala nao kitandani humo tunapigiana simu tu kukiwa na msiba. Mimi nilirudi Ruring'u. Ninachomelea vitanda vya bomba nene, vizuri, vinachukuliwa hadi Nanyuki na Kangema, na watu nisiowajua hata majina wanalala juu yake bila wasiwasi. Nyanya yangu alifia sakafuni.