Swali la surua nililomuuliza mama leo

Leo mama yangu amenijibu jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

Nilikuwa kliniki moja ya Kiseke, naandika habari ya chanjo ya surua. Mama mmoja kijana alikuwa kwenye benchi na mtoto wake, hataki kuingia. Dozi ya kwanza ilimpa mtoto homa. Nesi alishamweleza kwamba homa hiyo hupita, na kwamba surua ndiyo inayoua.

Akanigeukia mimi.

“Wewe baba mwenye daftari, ulichanjwa?”

Nikampigia mama yangu, yuko nyumbani Mabatini, nikaweka spika.

“Shikamoo mama. Nilichanjwa surua?”

“Marahaba. Ulichanjwa, ukamng’ata nesi kidole. Ukapata homa siku mbili, baba yako akanigombeza mimi.”

Benchi zima likacheka.

“Nilikubeba kwa miguu mpaka kliniki, mwanangu. Surua ilishaniulia Neema.”

Neema ni dada yangu, alikufa kabla sijazaliwa. Nyumbani tulisema alikufa kwa homa, basi. Miaka yote hii nahoji watu, hilo sikuwahi kumuuliza mama.

Yule mama kijana alinyanyuka, akaingia. Baada ya dakika chache tukasikia mtoto akilia.

Mama yangu bado alikuwa hewani. “Mwambie mama yake asiogope homa. Wewe siku ya tatu uliamka unadai uji.”

Nyie mlibebwa na nani kwenda kliniki?

Muulizeni leo, akiwa bado anapokea simu.