Ukaguzi wa Saa Tano

Siku ya kwanza kazini nilifika kituoni Masasi kabla ya saa moja asubuhi, nikidhani nimewahi, nikamkuta mkuu wangu ameshafika, ameshafagia na ameshanuna. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi wa Kiyao aliyepewa cheo cha Msimamizi wa kituo cha kulelea watoto wadogo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya hapo.

"Nauza samaki sokoni, mama."

"Samaki mbovu unamjuaje?"

"Mkavu namnusa tumbo. Mbichi namtazama jicho."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Simama hapa mlangoni."

Ukaguzi wa mlangoni, ndilo jina la kazi niliyofundishwa siku ile, na ndiyo niliyoifanya mpaka nastaafu. Unaweka mgongo wa mkono nyuma ya shingo ya mtoto kusikia joto. Unatazama macho, yakiwa mekundu na yanatoa tongotongo, ni vikope au ni mwanzo wa jambo kubwa zaidi. Unafungua viganja na kuchungulia katikati ya vidole, maana upele hupenda kujificha humo. Unauliza choo cha usiku. Mzima anaingia, mgonjwa anarudi na mama yake. Mama Msimamizi alikuwa akisema watoto arobaini wanaolala mchana kwenye mikeka sita ni chungu kimoja: tia chumvi kona yoyote, itakolea kote.

Wakishaingia nawahesabu. Wakishakaa nawahesabu tena. Wenzangu walinicheka, lakini mtu aliyeuza samaki kwa mafungu hawezi kuhesabu mara moja akalala usingizi.

Baada ya mwaka wa tatu nilipelekwa mafunzo ya miezi sita. Nikarudi na cheti, nikaitwa Mlezi Mkuu, na cheo hicho kikanipandisha uwanda wa juu, kituo cha kijiji kimoja upande wa Newala, njia ya kwenda Mkunya. Huko maji yanapanda kutoka bondeni, yanapotaka. Pampu ikiharibika tunaletewa madumu kwa baiskeli. Nilitoboa kopo tundu dogo, nikalining'iniza mlangoni mwa choo. Mtoto anachomoa njiti, ananawa kwa sabuni, anaziba. Kopo moja lilinawisha watoto wanane. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake chenye alama, huyu jembe, huyu kuku, kwa sababu kusoma jina bado. Afisa Afya mmoja alitoka mjini kuja kutuhimiza tunawishe watoto kwa maji yanayotiririka. Nikamwomba atuonyeshe yanakotiririka, twende sote na ndoo. Hakurudi tena msimu ule.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Wengine wanaikumbuka kwa mitumba na maduka yaliyojaa bidhaa. Mimi naikumbuka kwa vidonge. Zamani kidonge cha kushusha homa ulikipata zahanati, kwa foleni na kwa maswali. Sasa kilikuwa kibandani, katikati ya sabuni na viberiti, kinauzwa kimoja kimoja kama pipi. Ghafla watoto wangu wote wakawa wazima asubuhi. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nikaanza kuona shingo iliyokuwa baridi saa moja inawaka saa tano kama jiko la mkaa.

Mama anamwamsha mtoto alfajiri, anamsagia kidonge ndani ya uji, anamleta angali baridi, anakwenda shamba. Kidonge kinashusha joto kwa saa chache. Hakiondoi ugonjwa, wala hakimzuii mtoto kuambukiza wenzake. Mlango wangu ulikuwa umenunuliwa kwa kidonge kimoja. Basi nikaanzisha ukaguzi wa pili, wa saa tano, dawa inapoisha nguvu. Haukuwamo kwenye mwongozo wowote.

Na akina mama sikuwalaumu sana. Korosho ikikomaa inaanguka yenyewe; unaiokota leo, au mvua inailowesha ikawa nyeusi na mnunuzi akaipiga teke. "Mtoto mgonjwa abaki nyumbani." Kanuni hiyo iliandikwa na mtu ambaye nyumbani kwake kuna mtu. Kwetu msimu wa korosho nyumba zilibaki na kuku.

Msimu wangu wa nne huko juu ilikuja surua. Niwaeleze vijana, kwa kuwa siku hizi wengi hamjaiona. Surua haihitaji kugusana. Inatembea kwa hewa, na hewa ya chumba hubaki nayo hata mgonjwa akishatoka. Inaatamia kama siku kumi hadi kumi na nne kabla vipele havijatoka. Mtoto huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada yake. Chanjo huchomwa mtoto akifikisha miezi tisa. Aliye chini ya hapo hana kinga isipokuwa sisi wakubwa kumwekea ugonjwa mbali. Kituo kilikuwa na watoto sitini na wawili. Arobaini na saba walikuwa wanaojua kutembea na kugombana. Kumi na tano walikuwa wachanga, na niliwaweka chumba chao ng'ambo ya ua, na mlezi wao peke yake. Mdogo kuliko wote alikuwa Hamisi, wa miezi saba, mtoto pekee wa mama yake.

Wa kwanza kuugua alikuwa Rehema, wa miaka minne, katika wale wakubwa. Jokofu la zahanati lilikuwa limekosa mafuta ya taa miezi kadhaa, na yeye na wenzake kadhaa walikosa chanjo. Saa moja alipita mlangoni baridi. Saa tano macho yalikuwa mekundu, anakohoa, na ndani ya shavu kuna vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nikamwita mama yake kutoka shamba, akaja akinilaumu mimi.

"Mama Twalibu, asubuhi ulimshika mwenyewe ukasema mzima."

"Asubuhi nilishika kidonge. Rehema nimemshika sasa hivi."

Akaangalia chini. "Nina korosho za siku mbili ziko chini, na wingu lile pale. Zikilowa utazianika wewe?"

"Nikianika mimi, hawa sitini na mmoja wakae na nani?"

"Basi mlaze pembeni."

"Pembeni mwa nani, mama? Nitajie jina la mtoto nimlaze pembeni mwake."

Akambeba Rehema mgongoni, akaondoka naye. Mpaka mwisho wa wiki walikuwa tisa, wote wa chumba kikubwa.

Niliwaita mama zao wote tisa, nikafanya kazi niliyozaliwa nayo, yaani kupatana bei. Nikasema: mmoja wenu akae na wagonjwa wote uani kwake, mwenye watoto wengine walioshaugua zamani. Mama Rehema alikuwa wa namna hiyo.

"Nikikaa na watoto wenu," akasema, "korosho zangu zitajiokota?"

"Kwa siku unaokota madebe mangapi?"

"Matatu."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia, "Hata mumeo akikusaidia hayafiki mawili."

"Mume wangu hajawahi kunisaidia, ndiyo maana nasema matatu."

Tukakubaliana mawili. Wale wanane kila jioni walichota katika mavuno yao mpaka madebe mawili ya Mama Rehema yakajaa, na wagonjwa wakakaa uani kwake wakinyweshwa uji mwepesi na kupanguswa macho. Mimi nilipita jioni kuwatazama. Chumba cha wachanga hakikupata hata kikohozi. Nasimulia hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jambo bora nililofanya katika maisha yangu ya kazi, na lilidumu siku tano.

Siku ya tano, Jumatano, alifika Mratibu wa Vituo kwa pikipiki. Ruksa ilikuwa imewaleta wafadhili, na wafadhili ndio walioleta unga wa uji. Mratibu alikuwa kijana msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Watoto wangapi leo?"

"Hamsini na watatu. Tisa wana surua, nimewatenga."

"Wageni wanakuja kesho. Makubaliano ni watoto sitini. Chini ya hapo unga unahamia kituo kingine."

"Waonyeshe daftari. Wasome sababu."

"Mama Twalibu, wageni hawahesabu daftari. Wanahesabu vichwa."

"Hata vyenye surua?"

"Unga ukihama," akasema taratibu, "hawa hamsini na watatu utawapikia nini? Ming'oko ya porini?"

Hapo alinigusa, kwa sababu alisema kweli. Msimu ule walikuwapo watoto ambao uji wa saa nne ndio uliokuwa mlo wao wa kwanza. Mtu mwenye akili angesema hapana, akaenda kuwatafutia mihogo. Mimi nikaanza kupatana bei. Yeye alitaka wale tisa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikakataa. Akasema basi, muda wa saa mbili tu. Nikamshusha mpaka nusu saa, wakae barazani kwenye upepo, na wachanga wasitoke chumbani kwao. Akakubali upesi, akawasha pikipiki. Mtu akikubali bei upesi, muuzaji hujiuliza amekosea wapi. Mimi nilikwenda nyumbani nikijisifu.

Alhamisi ikanyesha. Wageni walichelewa. Baraza ililowa, Mratibu akaagiza wote waingie chumba kikubwa, na wachanga waletwe, kwa sababu wageni wanataka picha moja ya kituo kizima. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, "Bwana Mratibu, tulipatana." Akasema, "Tulipatana na mvua pia?" Walezi wenzangu walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri. Nikasogea. Sikusukumwa, mwili huu nilionao ulisogea wenyewe. Sitini na wawili walikaa humo saa moja na dakika arobaini, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, wachanga mapajani mwa wakubwa, tisa wanakohoa. Picha ilikuwa nzuri. Unga ulibaki.

Siku kumi na mbili baadaye Hamisi alitoka vipele, na wachanga wengine watatu. Nilihesabu siku kurudi nyuma, nikahesabu kwenda mbele, na zote ziliangukia Alhamisi ile. Watatu walipona. Hamisi ilimshukia kifuani ikawa nimonia. Tulimteremsha hospitali kwa lori la korosho, wauguzi wakahangaika naye siku tatu, tukarudi naye amefunikwa kanga.

Msibani nilikaa na wanawake. Mama Hamisi alikuwa binti mdogo, hajafika miaka ishirini, na hakuwa analia tena. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida.

"Siku ya wageni, ni wewe uliyekubali?"

"Nilikubali nusu saa."

"Ya nani?"

Sikumwelewa.

"Hiyo nusu saa uliyompa. Ilikuwa ya nani?"

Nimepatana bei na wavuvi, na wachuuzi, na makondakta, na kila mara niliuza kilichokuwa changu.

Niliandika barua kwa Afisa Afya wa Wilaya, nikaeleza yote, yangu na ya Mratibu, na hesabu ya siku nikaiambatisha. Akaniita ofisini. Akasema surua iko kila mahali, hakuna anayeweza kujua mtoto ameitoa wapi. Nikamwonyesha hesabu. Akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Mama, wewe unahesabu mno." Taarifa ya ziara ilisema mahudhurio ni ya kuridhisha. Mratibu alipandishwa akaenda mkoani. Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa kosa la kuwaondoa watoto tisa kwenye mahudhurio bila kibali. Ninayo. Karatasi nzuri, mhuri umeshika vizuri.

Watu wananiambia, mama, hayo ya zamani, yaache. Nitayaachaje? Siku hizi vituo vina marumaru na mabomba, ukutani kuna picha ya mikono yenye povu, na bado mlezi anaulizwa na mkubwa wake, kama wanaokohoa ni wanne tu, si wakae nyuma kabisa? Sabuni mmepata. Maji, kiasi mmepata. Nguvu ya kumwambia mkubwa hapana, mlezi bado hamjampa.

Mimi nguvu hiyo sikuwa nayo, nilionyesha. Kwa hiyo msimu uliofuata msiba ule, uamuzi wa mlango niliutoa kwangu. Nilikutanisha mama wa wachanga, nikawaambia mlango ni wenu: mimi nitakagua na kusema nilichokiona, lakini nani aingie siku ya ugonjwa mtaamua nyinyi, na Mratibu yeyote azungumze na nyinyi. Walimchagua Mama Hamisi awashikie mlango, yeye ambaye hakuwa na mtoto kituoni. Alikuja kila msimu, saa moja na saa tano. Mama Rehema alilipwa madebe yake mawili kila surua au tetekuwanga ilipopita, na aliendelea kudai matatu.

Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alitoka wilayani na hotuba mfukoni. Watoto walikuwa wamepangwa, wachanga wamelala chumbani kwao. Alipofika kizingitini alikohoa mara mbili, akajipangusa pua. Mama Hamisi, sasa mwanamke mzima, hakuondoka mlangoni.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba."

"Una mafua."

"Kidogo tu, mama. Dakika kumi, nimuage Mama Twalibu."

"Huku ndani hatuna dakika za kukupa," akamwambia. "Atatoka yeye."

Nikatoka. Aliisoma hotuba uani, juani, karatasi ikipeperuka, akitaja miaka yangu ya utumishi, na mara kwa mara akitazama ule mlango kama mtu asiyeamini alichokiona. Mama Hamisi alikuwa ameuegemea, mikono kifuani, hata kupiga makofi hakupiga.