Tunga Mtihani Ambao Ungekufelisha

Nakumbuka Jumamosi moja pale Pangani, kichwa changu kikiwa bado na nywele na mdomo wangu ukiwa bado hauna breki, nilipopangiwa kuchezesha mechi ya wenyeji na timu ya kwetu Moa. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu maswali uliyotunga ya kuwapima vijana wanaotaka urefa. Nimeyasoma yote. Nimecheka kidogo, si kwa dharau. Nilijiona mimi mwenyewe mle ndani. Basi vuta kiti, chai bado iko ya moto, na mimi siku hizi sina pa kukimbilia.

Zamani zetu mtihani wa urefa ulikuwa wa kukariri. Unaingia darasani, unaambiwa: andika Kanuni ya Kumi na Tano, ile ya mpira wa kurusha, kama ilivyo kitabuni. Na mimi ni Mdigo niliyelelewa chuoni kwa maalimu, kuhifadhi ndiyo kazi niliyoizoea tangu sijaota meno ya ukubwa. Kanuni zote kumi na saba nilizimeza, nikapata tisini na nane kwa mia. Nilipewa beji, nikasifiwa mbele za watu, na wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilitembea mjini Tanga kama vile barabara zote zimefagiliwa kwa ajili yangu.

Katika darasa lile alikuwamo Esta, binti wa Maramba. Wazazi wake walikuja kutoka mbali kukata mkonge, mkataba ukaisha, wao wakabaki. Alikuwa Mlutheri wa kwaya, mrefu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Alishika kibendera kwenye mechi za mashamba tangu usichana wake, na mchezo aliujua kwa macho. Lakini kukariri hakuweza, na kusema kweli, kitabu chenyewe alikuwa hakifungui. Akafeli. Akaambiwa atarudia mara moja tu. Akifeli tena, urefa basi, arudi akaimbe kwaya. Na Esta, mwanangu, hakuna alichokitaka duniani kuliko ile beji.

Kabla hajarudia ndipo ikaja mechi ya Pangani. Mimi refa wa kati, Esta kaazimwa tu kushika kibendera, maana mtu aliyepangwa alikuwa mgonjwa.

Moa walikuwa na kijana mmoja mvuta nyavu, mikono imejaa misuli hadi shati linambana. Mpira ulipotoka nje karibu na goli la Pangani, akauokota, akarudi nyuma, akaurusha. Ulipita juu ya vichwa vyote, haukumgusa mtu, ukaelekea golini. Yule kipa wa Pangani alikuwa mjanja. Aliweka mikono nyuma akauacha upite, kwa sababu aliijua kanuni: mpira wa kurusha hauwi goli mpaka umguse mchezaji, na ukiingia hivihivi, yeye anapewa goli kiki. Wavu ukatikisika, Moa wakapiga kelele, na mimi mwenye tisini na nane nikapuliza kipenga, nikanyoosha mkono kati. Goli.

Ndiyo, cheka. Kanuni ile naijua hadi mkato wake na nukta yake. Lakini nilikuwa naijua kwa maneno tu. Siku ilipokuja na miguu yake uwanjani, sikuitambua.

Na Esta alikuwa ameinua kibendera, kasimama wima, ananitazama. Nilimwona. Sitakudanganya kwamba jua lilinipiga machoni. Nilimwona vizuri, nikajisemea moyoni, huyu aliyefeli ana nini cha kunifundisha mimi? Nikamwashiria ashushe. Mpira ukaanzishwa kati, na ukishaanzishwa, goli halifutiki tena. Pangani walifungwa kwa lile lile moja.

Mechi ilipokwisha, kipa alinifuata, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa adabu, "Refa, samahani, hiyo kanuni imebadilishwa lini?"

Angenitukana ningepona. Ile adabu yake ilinikaa kifuani wiki nzima.

Mkuu wetu wa marefa alikuwa Mzee Nasoro, mzee wa Kiarabu ambaye babu zake walitoka Omani, mwenye ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, pale pale Pangani. Aliniita ghalani kesho yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisukumia karatasi na kalamu. "Niandikie Kanuni ya Kumi na Tano."

Nikaandika. Akaisoma polepole, akasema, "Haina kosa hata moja. Sasa kosa la jana limetoka wapi?"

Mzee akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kuhifadhi si aibu. Hata mimi nimehifadhi. Lakini mtu akihifadhi namna ya kuswali halafu asiswali, amepata nini? Mtihani wetu umekupa wewe beji na umemfelisha yule binti. Basi mtihani una kasoro kuliko ninyi wawili. Ujao utautunga wewe. Nataka mtihani ambao wewe wa jana ungefeli."

Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini nikakaa kutunga. Unajua mtu aliyeaibika anavyotunga. Niliwawekea watahiniwa mitego: mpira unapasuka hewani huku kipa amevaa jezi isiyo yake huku mchezaji aliyetolewa anarudi kwa mlango wa nyuma. Nilitaka wote waumbuke kama nilivyoumbuka mimi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzee Nasoro alisoma maswali mawili, akavua miwani. "Haya ni vitendawili vya harusini. Mtihani mgumu si mtihani mzuri. Ukitia chumvi nyingi, hatukuiti mpishi."

Nikatunga wa pili. Huu ulikuwa mwepesi mno, na kila ukurasa una swali la mpira wa kurusha: mpira wa kurusha ukiingia goli la wapinzani, mpira wa kurusha ukiingia goli lako mwenyewe, mpira wa kurusha hivi na hivi. Mzee alipomaliza akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikishika kalamu nayasikia.

"Mwanangu, unamwomba Esta radhi kwa karatasi ya mtihani. Radhi huombwa kwa mdomo. Ukimpitisha kwa huruma, siku atakayokosea uwanjani watu watamcheka yeye, si wewe. Nenda Maramba kwanza, ndipo urudi kutunga."

Nilikwenda, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilimkuta Esta anamenya mihogo na mama yake. Nilimwamkia mama, nikapewa kigoda, nikakaa nahangaika na kofia mikononi. Esta akasema, "Mama, huyu ndiye Mwalimu Tisini na Nane." Mama akafunika mdomo kwa upande wa khanga. Nikasema lile lililonipeleka: kwamba nilikiona kibendera chake, kwamba alikuwa sahihi, kwamba nilimpuuza kwa kiburi na si kwa kutojua.

Esta alimaliza muhogo aliokuwa anaumenya. Kisha akasema, "Nimesikia ndiwe unayetunga. Usinirahisishie, Mwalimu. Mara ya kwanza nilifeli kwa haki, kitabu sikukisoma. Sasa nakisoma. Lakini mniulize nitafanya nini, msiniulize kitabu kinasemaje."

Mwanangu, hapo ndipo nilipojifunza kutunga. Kila Jumamosi nilizunguka viwanjani, leo Moa, wiki ijayo Maramba, nyingine Pangani, nikitafuta mahali marefa wanapojikwaa. Swali ambalo sijaliona likitokea mbele ya macho yangu sikuliandika. Na kila nililoandika nilihakikisha linamwambia mtahiniwa mambo yote ambayo refa angeyaona: mpira uko wapi, nani kaugusa mwisho, mchezo unaendelea au umesimama. Ukimnyima mtu hayo halafu umhukumu kwa jibu lake, hujampima, umemvizia. Kisha tuliwauliza wamesimama, kipenga mdomoni, na muda wa kujibu ni ule ule ambao wachezaji wangekupa kabla hawajakuzunguka.

Siku ya mtihani Esta aliingia ghalani kwa Mzee na viatu vya uwanjani. Maswali alikuwa akiyajibu kwa mikono kabla ya mdomo. Moja la kubadilisha wachezaji lilimshinda. Akasema, "Hili silijui," Mzee akamwekea sifuri na kusonga mbele. Wenzake wawili wa kukariri kama mimi walijikwaa, mmoja akasimama tena akapita. Mwisho Mzee Nasoro alijumlisha, akahesabu tena, akasema, "Esta, umepita." Hakupiga vigelegele. Alikaa chini juu ya gunia la mbata akalia kimya kimya, na mimi nikatoka nje kwa sababu macho yangu nayo yalikuwa hayaeleweki.

Nilidhani yamekwisha. Nilipomuaga Mzee, akaninyooshea kiganja. "Beji."

"Beji yangu, mzee?"

"Uliipata kwa mtihani ambao umeukataa mwenyewe. Utafanya upya, na atakayekutungia ni Esta. Huku kwetu, kuanzia leo, hatungi mtihani asiyekubali kutahiniwa na aliowatahini."

Nilivua beji. Esta alinitungia kwa wiki mbili, na hakunihurumia hata chembe. Maswali ya uwanjani nilijibu, mengine kwa shida, jasho likinitoka mbele ya wale wale waliokuwa wakinipigia makofi. Tukafika la mwisho. Akauliza, "Umetoa uamuzi, una hakika. Msaidizi wako ameinua kibendera. Unafanya nini?"

Nilijua kitabu kinasemaje kuhusu wasaidizi. Nilikuwa naweza kumsomea ukurasa mzima. Nikasema, "Nasimamisha kila kitu, namfuata, namuuliza ameona nini."

"Hata kama alifeli mtihani?"

"Hata kama alifeli mtihani."

Esta aliinama akaandika alama yake, akaipokea beji kwa Mzee, akanirudishia. Nimevalishwa vyeo viwili vitatu baada ya hapo, lakini hakuna nilichopewa mkononi kilichonipa raha kama ile beji ya mara ya pili.

Basi chukua simu yako, mwanangu, uyapitie maswali yako tena. Ondoa yale uliyoweka ili uonekane mjuzi, na yale uliyoweka ili rafiki zako wapite. Uliza kilichotokea na kitakachofanyika, mpe mtahiniwa kila anachostahili kukiona, na asiyejua umkubalie aseme hajui. Kisha mtafute mmoja unayemwona yuko chini yako, naye akutungie wewe, ukae ujibu. Utakachojibu mbele yake ndicho kitakachokuambia kama wewe ni wa kuwapima wenzako. Maksi zinaweza kumpa mtu beji, mwanangu, lakini hazimpi masikio. Hayo lazima ayafungue mwenyewe.

Mola akupe moyo wa kuuliza kwa haki na kuulizwa bila kununa. Awaweke vijana wako salama kila uwanja watakaoingia, watoke na heshima yao na ya wenzao. Nawe uwe na siku nyingi, na katika hizo usikose mtu wa kukuambia umekosea. Amina.