Ukuta Umefika Arrêt Usine

Saa kumi na mbili asubuhi, Kahambu anashuka ngazi za saruji mpaka maji ya ziwa yanamfika magotini. Anaizamisha bidoni ya manjano, dumu lake la maji, anangoja iache kutoa mapovu, kisha anaibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Juu yake waashi wanachanganya saruji. Ukuta umebakiza hatua sita kuzifikia ngazi.

"Mama Kahambu, harakisha! Vendredi, Ijumaa hii, tutakufungia ndani, ukuwe samaki ya patron," anamtania Achille, msimamizi wa waashi wa patron, tajiri mwenye kiwanja.

"Samaki ya miaka soixante et un? Patron atavunjika meno," anajibu Kahambu, mwenye miaka sitini na moja.

Waashi wanacheka. Yeye hacheki.

Hapa ni mtaa wa Himbi, kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo wakazi wa zamani bado wanapaita Arrêt Usine, yaani Kituo cha Kiwanda. Boti ya kiwanda cha kahawa ilikuwa ikisimama kwenye ngazi hizi kuchukua wafanyakazi, wengi wao wanawake wa kuchambua kahawa, na kuwavusha ghuba. Kahambu alianza mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na saba.

Boti ilichukua watu sitini. Waliotaka kazi walizidi mia. Kwa hiyo kila mwanamke alishuka alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akarudi nyumbani kunyonyesha au kupika uji. Honi ilipolia, walipanda kwa kufuata mawe.

"Hakuna mutu aligusaka jiwe ya mwenzake," anasema. "Hata kama jana mulitukanana ku soko. Ile jiwe ni wewe."

Asubuhi moja ya Oktoba 1996, vita vikiwa vimekaribia mji, mawe yalipangwa kama kawaida. Boti haikuja. Kiwanda hakikufunguliwa tena.

Wanawake waliyaacha mawe palepale, wakiamini kwamba atakayeondoa lake amejitoa kazini. Waliendelea kuteka maji hapo, na Kahambu, baada ya kufiwa na mume, akaanza kuyauza. Safari nane kwa siku humpatia unga wa mihogo na makaa, yeye na wajukuu watatu.

Njia nyingine za karibu za kushuka ziwani zimezibwa na nyumba za wenye uwezo. Pwani iliyo wazi iko mwendo wa zaidi ya saa moja. Huko, safari nane zitakuwa mbili.

Mwaka 2009, karani mmoja alipita akiandika majina ya wanaotumia kiwanja cha hapo kwenye ngazi. Aliwaomba wanawake watie saini. Walikataa.

"Tulimwambia, muzee, andika wale hawana jiwe. Sisi tuko tayari ku mustari." Anafunika mdomo kwa kitenge. "Akatucheka. Na sisi tukamucheka. Tulizani yeye ndiye mujinga."

Jina lililoandikwa kuwa la mwenye kiwanja likawa la mtu mwingine. Tangu hapo kiwanja kimeuzwa mara mbili. Mwezi uliopita, mawe yao yalisombwa kwa toroli yakawa msingi wa ukuta. Munezero, aliyechambua kahawa meza moja na Kahambu, alikuja kuangalia, akaondoka.

Kahambu ameomba kitu kimoja: mlango wa kupita mtu mwenye bidoni. Ameomba mara tatu. Leo anaomba tena.

Achille anavua kofia. "Mama, nilimupigia patron. Anasema mulango ya batu ba kuteka maji itaharibisha nyumba yake. Mimi ni mutu wa kutumwa tu."

"Hata kadirisha?"

"Hata kadirisha, mama."

Kahambu anatazama zile hatua sita. "Vendredi munamaliza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi nitateka mpaka saa kumi," anasema, akiinama chini ya kamba. Atajaza bidoni zake zote, masufuria, hata beseni la kumwogeshea mjukuu mdogo. Amekwisha kupiga hesabu ya maji hayo.

"Itatosha siku mbili," anasema. "Tatu, kama watoto hawaoge."