Kengele ya Mkono wa Kulia

Mpiga picha wetu wa wagonjwa wa kiharusi huwavua pete kwa sabuni, taratibu, kama anayemvua mtoto viatu. Mashine yake ya sumaku huonyesha jinsi maji yanavyotembea ubongoni. Yalipokwama hung'aa, naye hukuna shingo. Humpa kila mgonjwa kipira cha kubonyeza kengele ilie akitaka msaada, kwenye mkono ulio mzima. Leo mama mmoja mzee aligoma: “Huu wa kulia ndio wangu wa kazi.” Ndio uliopooza. Mpiga picha hakubishana naye; alimwekea humo humo, akamkunjia vidole. Mashine ilipoanza kunguruma, nilimwona ameingia, amemshika mguu, hadi mwisho.

“Niliogopa, nikabonyeza,” mama alisema alipotolewa.

“Nilisikia, mama. Ndiyo maana nikaja.”

Kengele iko mezani kwangu. Haikulia.