Ndizi za Shamba Lililopigwa Mrututu

Likizo ile nilikuta dada yangu amejifungua, yuko kwetu mlimani, na maziwa hayatoki. Kwetu mzazi analishwa mtori wa ndizi mpaka aukimbie, lakini yeye alikuwa anapewa uji mwepesi, na huku migomba imezunguka nyumba, mikungu imekomaa! Nikauliza kwa nini.

"Hizo ndizi zina sumu," Bibi akanijibu.

Baba alikuwa amepiga mrututu, ile dawa ya buluu ya magonjwa, kwenye kahawa, kama bwana shamba alivyofundisha, na kahawa yetu iko chini ya migomba. Jirani naye alipiga. Kisha akamkatia mbuzi wake mgomba, mbuzi akafa, naye jirani akatangaza kwamba dawa imeingia kwenye migomba. Watu wakaacha ndizi za mashamba yote yaliyopigwa dawa. Mtoto wa dada akawa analia tu.

Jumapili, baada ya ibada, jirani huyo huyo akasimama mbele ya watu. Akasema walipompasua yule mbuzi walikuta kamba imejisokota tumboni. Siku zote hizo alikuwa ameficha kwa aibu, maana kamba ilikuwa yake, aliiacha ovyo zizini.

Nikarudi nyumbani nusu nakimbia. Nilidhani yamekwisha.

"Mimi toka mwanzo nilijua," Baba akasema. Yeye aliyetukataza hata kugusa jani! Akakata mkungu hapo hapo. Mama akamenya, akapika na nyama, akaponda vizuri kabisa. Halafu akasimama mlangoni mwa chumba cha dada na bakuli, haingii.

"Mama, si umesikia mwenyewe? Ni kamba."

"Nimesikia, mwanangu. Naamini ni kamba. Lakini nikiuangalia huu mtori namwona yule mbuzi."

"Basi nipe mimi nimpelekee."

"Wewe ngoja!" Bibi akadakia. "Mchungaji amembana yule jirani, ndiyo maana kageuza maneno. Juzi kadanganya, leo nimwamini kwa lipi?"

Nikazidi kukasirika. Wamekaa kanisa moja, wamesikia maneno yale yale, na kila mmoja amerudi na lake. Shuleni ukionyeshwa kosa unalifuta, unaandika jibu sahihi, unaendelea. Hapa nani alikuwa amefuta?

Dada akaita kutoka kitandani, "Mnabishana na mtori unapoa! Leteni. Mwenye njaa ni mimi."

Akamaliza bakuli, akaomba jingine. Bibi akakaa anamkodolea macho, anangoja aanguke. Hakuanguka. Akala tena jioni, akala asubuhi, na mchana kifua kikajaa. Mtoto akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Nikamgeukia Bibi. "Umeona sasa?"

"Nimeona. Mvua ya juzi imeiosha ile dawa."

Mvua gani! Ile haikulowesha hata vumbi la uani. Nikafungua mdomo nimwambie, dada akanivuta shati.

"Nyamaza wewe," akaninong'oneza. "Akisema ni mvua, si kesho nitakula tena?"

Bibi alikuwa ameshatoka na panga, anaangaza juu ya migomba, anachagua mkungu.