Wiki Yangu ya Kulala Kambini

Nilipoteguka mguu kwenye mafunzo ya jeshi, huku bara upande wa Kililana, daktari wa kambi alinipa ruhusa ya kulala wiki nzima. Wallahi nilifurahi kama bwana harusi. Wenzangu wanakimbia juani na magunia ya mchanga mgongoni, mimi niko kitandani na uji wangu, nawachungulia dirishani.

"Mnakimbilia nini?" afande aliwauliza, kama kila asubuhi.

"Nchi yetu, afande!"

Uongo mtupu. Wengi wetu tulikuja kwa sababu nyumbani hakuna kazi. Rafiki yangu wa Kiunga, aliyelala kitanda cha juu yangu, jeshi hakulitaka kabisa, babake ndiye aliyemlazimisha. Kabla sijateguka, kwenye mbio alikuwa akibaki nyuma, nami nyuma yake namwigiza afande anavyofoka, mpaka acheke. Akicheka, anafika.

Katikati ya wiki wenzangu wakapita mbele ya dirisha wakikimbia, yeye hayumo. Jioni akaja na begi, amevaa nguo za nyumbani.

"Wamenifukuza. Nilikaa chini ndiani, katikati ya mbio, nikakataa kuinuka."

"Si ungeningoja nipone, bwana!"

"Ningengoja vipi? Wewe wala uji wako kitandani, nyuma yangu hapana mtu." Akatazama begi lake. "Baba atanifungulia mlango kweli?"

Nilitafuta mzaha wa kumpa, nikakosa. Akatoka. Nilikuwa bado nina siku za kulala, na mguu nao, maskini, ulikuwa hauniumi tena.